Farasi Aliyetaka Mguu Wangu

Kuna wakati niliamini, kwa moyo wangu wote na kwa akili zote nilizokuwa nazo, kwamba Mungu alimuumba farasi na miguu miwili. Miwili tu, kama kuku. Ile mingine miwili, ya mbele, aliipata kwa watu. Mtu akimpanda, farasi huanza kumvuta miguu kidogo kidogo, leo nyama, kesho mishipa, keshokutwa mfupa wenyewe, mpaka siku moja mtu anashuka na kukuta hana cha kusimamia. Ndiyo maana, nilielezwa, wakubwa wote waliozoea kupanda farasi huishia kubebwa kwa magari.

Aliyenieleza alikuwa fundi wa baiskeli pale Misiera, kijiji chetu katika kambi ya wakimbizi, shemasi wa kanisa letu, mtu aliyekuwa na jibu hata kwa swali ambalo bado hujaliuliza. Alisema habari hiyo aliitoa Bukavu, kwa mzee aliyefulia Wabelgiji nguo. Tena hakuniacha bila ushahidi.

"Angalia kuku," alisema, akiwa ameshika spoku mkononi kama mwalimu na chaki. "Mguu yake inapinda wapi? Nyuma. Angalia mutu. Goti yake inapinda huku. Sasa siku utaona farasi, angalia. Ya nyuma inapinda sawa ya kuku. Ya mbele inapinda sawa ya mutu. Ilitoka wapi, kama si kwa bantu?"

Ungembishia nini mtu kama huyo? Alikuwa anaziba pancha kwenye mipira yenye viraka vingi kuliko mpira. Nami farasi sikuwa nimewahi kumwona. Nikaiweka habari hiyo kichwani, mahali ninapoweka mambo ya hakika, na ingebaki huko kama maneno ya kupitishia jua la mchana, lau si lori la maharage la soko la Rwekubo.

Tulikuwa tunapakia magunia. Mimi nilikuwa juu kabisa, napanga. Gunia moja likateleza, nikalifuata. Nilianguka kutoka kimo cha ghorofa nne. Mke wangu husema kimo cha mlango, lakini yeye hakuwepo. Mfupa haukuvunjika. Ila nyonga ya kushoto iliumia ndani, nikalala miezi, na nilipoinuka ule mguu haukuwa mguu tena. Paja lilikuwa limekonda kama mkono wa mtoto. Nikisimama bila fimbo goti linakunjika lenyewe, bila hata kuniuliza.

Mke wangu alikuwa na mimba kubwa. Shamba letu lilikuwa limekaa msimu mzima bila kuguswa, na nyasi zimepanda mpaka ungeweza kuficha ng'ombe wa hapa na pembe zake ndefu. Kwetu sisi tuliolelewa kwenye milima ya Kivu, mtu bila shamba ni mgeni hata nyumbani mwake. Na wakati ule malori yalikuwa yanashusha wakimbizi wapya Base Camp, pale wanapopokelewa wageni, wengi wao watu wa kwetu kabisa, na kila familia ilihitaji pa kulima. Kanuni ilijulikana: shamba likilala misimu miwili, anapewa mwingine.

Mwenyekiti wa kijiji akaja mwenyewe, mwishoni mwa kiangazi. Akakataa kiti.

"Papa, minaona uko mugonjwa," akasema. "Lakini kule ofisini banapiga makelele. Banasema kuna bantu mingi banashika mashamba hapa, halafu bo benyewe banaishi Mbarara."

"Mimi niko hapa. Unaniona."

"Ninakuona. Lakini shamba haikuoni."

Nikamwambia ndugu wa kanisa wangenilimia. Kwetu ni desturi: mtu akiugua, kanisa linabeba majembe Jumamosi na kufikia saa sita shamba limekwisha.

"Hiyo imekatazwa," akasema. "Musimu ule kanisa ililimia mutu, tukalia na kuomba juu yake, kumbe iko Kampala anauzisha viatu. Sasa ni mwenye jina, mwenye jembe. Mvua ya kwanza ikinyesha, kesho yake nitapita. Nikukute fasi ya shamba, weye mwenyewe. Si mama. Si kanisa."

"Na mguu ukikataa?" mke wangu akauliza.

Mwenyekiti akaangalia chini. "Mama, mimi sina roho mbaya. Ila kuna mutu na batoto sita bako chini ya turubai, na jembe iko nayo."

Mwenyekiti akaondoka. Mke wangu alikunja mikono juu ya tumbo lake na kuangalia nyasi za shamba letu. Heri angelia.

Nikaenda Mbarara, hospitali kubwa, kwa mama mmoja mtaalamu wa viungo. Akanilaza, akanikunja, akanikunjua, akasema mguu hauna ugonjwa tena, ila misuli imelala, na misuli hailazimishwi kwa vidonge. Kila siku nilale chali, niinue mguu wenye mfuko wa mchanga, niushushe, niuinue. Nikajaribu. Lakini mazoezi yale ni ya upweke sana. Unainua mguu huku ukitazama dari, na akilini unamwona mtu mwenye watoto sita amesimama kwenye shamba lako akipima kwa macho.

Nilikuwa nimefikia kwa ndugu wa kanisa, nyuma ya kambi ya jeshi. Kila siku nikienda hospitali nilipita kando ya uwanja wa nyasi ulioungana na ua wa kambi, nikiburuta fimbo yangu. Na siku moja sauti ikaniita.

"Wewe, ssebo, bwana. Wewe mutu ya fimbo. Kuja."

Alikuwa sajenti, mtu mzima, kifua kama pipa, amevaa gambuti. Mtu akitoka tulikotoka sisi, akiitwa na askari, mwili mzima unatafuta njia ya kukimbia. Mimi sikuwa na mguu wa kukimbilia. Nikaenda.

"Wewe kila siku napita hapa na fimbo. Iko nini?"

"Mguu, afande. Nilianguka. Umelala."

"Nalala? Mimi iko na dawa ya kuamusha."

Akasogea pembeni, na nyuma yake nikamwona. Nilitarajia mnyama wa kimo cha ng'ombe. Nikaona kanisa lenye masikio. Farasi jike, rangi ya udongo uliolowa, anatafuna nyasi na kunitazama kwa jicho moja kubwa ambalo ndani yake nilijiona mzima, na fimbo yangu. Mimi sikuangalia jicho. Niliangalia miguu. Alipopiga hatua ule wa nyuma ukapinda kama wa kuku. Wa mbele ukapinda goti kama mtu.

Nikahisi baridi kwenye mgongo, na jua la saa nne lilikuwa linachoma.

Sajenti alinieleza habari zake. Alipigwa risasi ya nyonga huko kaskazini. Alipotoka hospitali alitembea kama kaa. Mkubwa mmoja mwenye farasi wawili akamwambia apande kila asubuhi, na baada ya hapo nyonga ikarudi. "Angalia," akasema, akatembea mbele yangu mwendo wa gwaride, kwenda na kurudi, mikono ikipaa mpaka mabegani. "Sasa askari mwenzangu, mwenye nakaa juu ya hii farasi, amehamishwa. Hii mama nakula, nalala, nanenepa. Nataka mutu ya kukaa juu. Wewe nataka mguu. Namna gani?"

Nikamwambia nitafikiri. Akasema jeshini hakuna kufikiri, lakini raia anaruhusiwa mpaka kesho.

Nilifikiri jioni yote. Upande mmoja kulikuwa na fundi wa baiskeli na ushahidi wake, ambao sasa nilikuwa nimeuona kwa macho yangu. Upande wa pili kulikuwa na mvua. Nikajaribu kujituliza: mwizi gani anabeba sufuria iliyotoboka? Mguu wa kushoto hautamtamanisha. Lakini je, akitaka wa kulia? Nikirudi Misiera bila miguu yote miwili, nitamwambia nini mwenyekiti? Kisha nikakumbuka akina mama wa soko la Rwekubo wanavyobana pochi kwapani, wakitembea katikati ya wezi bila kupoteza hata sarafu. Kitu kilichobanwa hakiibiwi. Basi, nikaamua: nitapanda, lakini miguu yangu nitaishika mwenyewe. Nitaibana kwenye mbavu zake kwa nguvu zangu zote, na sitailegeza hata kidogo mpaka nishuke.

Asubuhi sajenti alinipandisha kwa kunisukuma makalio, kama gunia. Juu kule upepo ni mwingine. Niliona paa za kambi, niliona mto Rwizi, karibu nione Tanzania. Akaweka miguu yangu kwenye vile vyuma vya pembeni, akashika kamba ndefu, akasimama katikati, na farasi akaanza kumzunguka.

Nikabana. Farasi akaongeza mwendo.

"Legeza miguu," sajenti akasema.

Nikabana zaidi. Farasi akaanza ule mwendo wa kurukaruka, na kila akiruka meno yangu yanagongana.

"Nasema legeza. Wewe nasikia? Legeza."

Hapo ndipo nilipoelewa, nikiwa juu ya mnyama yule, jasho linanitoka la kujaza jerikeni: hawa wawili wako pamoja. Huyu anaamuru nilegeze ili yule achukue. Na kama sajenti alipona nyonga, alipona kwa nyama ya nani? Labda ya huyo askari mwenzake aliyesemekana amehamishwa. Nikabana mpaka mapaja yakatetemeka kama nyuzi za gitaa, tumbo limekaza, mgongo umesimama wima, na macho yangu hayatoki kwenye miguu ya mbele ya farasi nione kama inanenepa.

Aliponishusha, miguu yote miwili ilikataa. Haikukunjika, haikuwepo. Nilikaa chini kwenye nyasi nikiipapasa kwa mikono, mmoja baada ya mwingine, kuhakikisha.

"Kesho utatembea kama bata," sajenti akasema, na hakuonekana hata kusikitika.

Kesho yake sikutembea kama bata wala kama ndege yeyote. Mapaja yaliwaka moto ndani. Sikuweza kuinuka kwenye mkeka bila kushika ukuta. Nikajua: ameanza na nyama, kama fundi alivyosema.

Mke wangu akapiga simu kwa kile kitochi chetu cha nyumbani, ambacho betri yake ilifungwa kwa mpira.

"Papa, unafanya nini huko?"

"Mazoezi."

"Mazoezi gani?"

Sikutaka kumtaja farasi. Yeye pia alikuwa amemsikia fundi. "Ya kukaa," nikasema.

"Ya kukaa. Ulitoka hapa kwenda Mbarara, ukakae?"

"Ni kukaa kwa nguvu, mama."

"Sawa. Mimi ninaona mawingu upande wa Ngarama. Yule mutu na batoto sita amepita tena leo. Alisimama kwenye mupaka wa shamba. Alisalimia tu. Iko na heshima. Hiyo ndiyo inaniogopesha."

Nikaenda tena kwa farasi. Nilikwenda nikichechemea, nikiomba zaburi kimoyomoyo, na sajenti akanisukuma juu tena.

Siku zile zilinipita kama homa. Asubuhi nilipambana, na jioni nilikagua. Nilikuwa na ukanda niliouchana kwenye kitenge kikuukuu. Niliuzungusha kwenye paja la kushoto na kufunga fundo, ili kesho yake nione amechukua kiasi gani. Nilitegemea ukanda ulegee. Badala yake ulibana. Siku chache baadaye haukufika tena kwenye fundo la kwanza, ikabidi nifunge fundo lingine mbele zaidi. Mtu mwenye akili nyingine angefurahi. Mimi niliona uvimbe. Kitu kikivutwa na pande mbili, lazima kivimbe.

Na mwili wangu ulikuwa unabadilika kwa namna nyingine ambazo sikuzielewa. Mgongo ulijifunza kwenda na mwendo wa farasi, ukitikisika pale anapotikisika. Tumbo lilikauka kama ngoma. Nyonga iliyokuwa imefungwa kama mlango wenye kutu ikaanza kufunguka, na nilipopumua nilipumua mpaka chini. Usiku nililala kama jiwe. Nilikula sahani ya ugali ambayo ndugu wa kanisa waliitazama kwa masikitiko. Haya yote niliyahesabu kama dalili za vita. Mtu anayeibiwa lazima ale.

"Wewe iko mutu wa ajabu," sajenti aliniambia siku moja akinishusha. "Mimi nafundisha watu mingi kukaa juu ya farasi. Hakuna mutu nabana kama wewe. Hii mama atavunjika mbavu."

"Afande, mimi kitu yangu sitoi."

"Kitu gani?"

"Unajua," nikasema. Akatikisa kichwa akaenda kuchota maji.

Kisha ikaja asubuhi ambayo hewa ilikuwa nzito, na anga upande wa Isingiro nyeusi kama sufuria. Sajenti alikuwa ameondoa kamba ndefu siku hiyo, alisema nimeshakua. Nilikuwa nauzunguka uwanja peke yangu, nimebana kama kawaida, wakati kundi la ng'ombe wenye pembe ndefu lilipotokea upande wa barabara, na nyuma yao bodaboda yenye bomba bovu ikapasua mlio kama bunduki.

Farasi akashtuka. Mimi, niliyetoka nchi ya milio ya namna hiyo, nikashtuka zaidi yake. Nikabana kwa nguvu zote nilizozaliwa nazo na nyingine za kuazima. Na farasi akaondoka.

Watu husema shoti. Ile haikuwa shoti. Ardhi yenyewe ndiyo iliyokimbia chini yetu. Nilisikia sauti ya sajenti nyuma, "Legeza, wewe, legeza," ikizidi kuwa ndogo. Mbele yetu nyasi zilikwisha na mteremko wa kwenda mtoni ukaanza. Niliwaza mambo mawili tu. La kwanza, nikianguka hapa, kwa mwendo huu, nyonga hii haitapona tena, na shamba limekwenda. La pili, nikilegeza, amechukua. Kwa hiyo sikulegeza. Mguu wa kushoto ulikuwa umebana sawa na wa kulia. Niliusikia ukifanya kazi, mgumu, wa moto, ukitetemeka lakini haujaachia. Tulishuka mteremko, mimi nimelala juu ya shingo yake, nywele zake zinanipiga usoni, mpaka majani ya mtoni yakatuzuia kifuani. Akapunguza. Akasimama. Akainamisha kichwa akaanza kunywa maji kana kwamba tulitoka nyumbani kwa ajili hiyo.

Nilishuka mwenyewe, nikiteleza juu ya mbavu zake. Nikasimama. Jambo la kwanza nililofanya ni kuangalia miguu yangu. La pili, kuangalia yake. Minne, kama jana. Nikashika hatamu nikaanza kupanda naye mteremko, taratibu, yeye akihema na mimi nikihema, mpaka tukamkuta sajenti anakuja mbio, uso umebadilika rangi.

Hakunigombeza. Alinitazama kuanzia juu mpaka chini, akageuka kutazama uwanja mrefu nyuma yake, akanitazama tena.

"Fimbo iko wapi?" akauliza.

Fimbo ilikuwa kwenye ua, mahali nilipoiegemeza asubuhi.

Kabla sijajibu simu ikalia mfukoni. Alikuwa mke wangu. Alisema neno moja tu.

"Imenyesha."

Jioni ile ile nilifika Misiera. Asubuhi udongo ulinukia, na mwenyekiti alikuja kweli, na nyuma yake akaja yule mtu. Nilikuwa sijamwona kwa karibu. Alikuwa rika langu, amevaa koti la mvua la mtu mwingine, jembe begani. Alisalimia kwa lugha ya kwetu, ya milimani, akasimama kwenye mpaka bila kuuvuka. Mke wangu alikaa kwenye gogo, mikono juu ya tumbo.

"Haya, papa," mwenyekiti akasema.

Nikashika jembe. Kulima si kwa mikono kama watu wa ofisini wanavyodhani. Kulima ni mapaja na kiuno. Mikono inabeba habari tu. Nilipiga jembe la kwanza, mizizi ya nyasi ikakataa. La pili. Likaingia. Nikavuta, nikageuza udongo, nikasogea. Nilimaliza mstari wa kwanza, nikageuka, nikaanza wa pili, na nikamsikia yule mtu akihamisha jembe kutoka bega moja kwenda lingine.

Kwenye mstari wa tatu mguu wa kushoto ukaanza kutetemeka. Kwanza kidogo, juu ya goti. Kisha paja lote. Niliona mwenyekiti ameliona, maana aliacha kutazama jembe akawa anatazama suruali yangu inavyocheza. Mke wangu akasimama. Nikiinua jembe sasa, goti litakunjika kama zamani, na nitaanguka kwenye udongo wangu mwenyewe mbele ya mtu anayeusubiri.

Nikabana. Sikuwa na lingine nililolijua. Nilisimama juu ya ule mstari kama nina farasi katikati ya miguu, nikakaza mapaja, nikakaza tumbo, nikanyoosha mgongo, nikainua jembe na kulishusha. Goti likakaa. Nikapiga tena. Jasho liliingia machoni, sikuliona shamba, nililisikia tu likifunguka. Nililima mpaka mwisho wa mstari wa tatu, nikageuka, nikaanza wa nne bila kuambiwa.

"Inatosha kuona," mwenyekiti akasema. Kisha akamgeukia yule mtu. "Ndugu yangu, tuende tuangalie fasi ingine. Hii iko na mwenyewe."

Yule mtu akaniangalia mguu, kisha uso. "Pole na kazi," akasema, kwa upole ulioniuma kuliko nyonga. Baadaye mwenyekiti alimpatia kipande upande wa chini kule, karibu na maji, na mpaka leo maharage yake ni mazuri kuliko yangu. Siku ile, walipokwisha kuondoka, nilikaa chini kwenye udongo uliolowa, na mke wangu akaja akakaa kando yangu, kwa shida, na tumbo lake.

"Ulikuwa unakaa juu ya nini kule Mbarara?" akauliza.

Nikamweleza. Alicheka mpaka nikaogopa atazaa pale pale.

Jumapili iliyofuata nilitoa ushuhuda kanisani. Nilieleza jinsi farasi alivyovuta na mimi nikavuta, asubuhi baada ya asubuhi, mpaka nikaung'oa mguu wangu kutoka kwake ukiwa mzima na akanirudishia na nguvu za ziada. Katika ushuhuda ule farasi alikuwa na kimo cha mnara wa simu. Kanisa lilisema amina, na fundi wa baiskeli alisimama mbele ya watu wote akasema, "Niliwaambia."

Tulipovuna, nilibeba kikapu cha maharage nikampelekea sajenti. Nilimkuta anamsugua farasi kwa brashi. Tukakaa kwenye ndoo zilizogeuzwa, nami, nikiwa mshindi asiye na kinyongo, nikamwambia kwamba sasa yamekwisha na anaweza kusema ukweli: askari yule mwenzake alibakiwa na mguu mmoja, au hakubakiwa na wowote?

Akaniuliza nasema nini. Nikamweleza yote: kuku, magoti, Wabelgiji, ukanda wa kitenge, na kwa nini kila aliposema legeza mimi nilibana. Alisikiliza mpaka mwisho, brashi mkononi. Hakucheka.

"Sikia, ndugu yangu," akasema. "Farasi hana kitu ya mutu. Hii miguu ine alizaliwa nayo. Mimi niliona yeye nazaliwa. Mwenzangu iko Gulu, juzi nimeongea na yeye, nacheza mpira. Mimi nilikuwa nasema legeza kwa sababu ukibana farasi na miguu, yeye nafikiri unasema kimbia. Hiyo tu. Na mguu yako, hakuna mutu nachukua, hakuna mutu narudisha. Ulikuwa nabana kila siku kwa sababu ya woga, na musuli nafanya kazi, nakuwa na nguvu. Ni mazoezi."